Kilemba Chekundu

Jumanne, 22 Aprili

Wageni leo: wawili. Mmoja aliuliza choo kiko wapi. Wa pili alikuwa mke wake, anamsubiri.

Barua imefika. Nimeisoma mara nne nikiwa nimekaa, mara ya tano nikasimama, labda ingekuwa na nafuu. Wapi! Tarehe mosi Mei, sikukuu ya wafanyakazi, atakuja mama mmoja kutoka ofisi ya utamaduni ya mkoa, aone kama ukumbi wetu wa picha za kuchora unapata watu. Ukipata watu, unabaki. Usipopata, chumba wanapewa zimamoto waanikie mipira yao ya maji. Imeandikwa hivyo hivyo: waanikie.

Walishanifungia stesheni, miaka sita iliyopita. Miaka ishirini na tisa nimekata tiketi hapa Gornja Trstika, siku moja wakaja wakang'oa saa ya ukutani, basi, stesheni imekwisha. Nilibaki nimeshika kopo la kalamu. Sasa nina ufunguo wa ukumbi huu na kofia niliyojinunulia mwenyewe. Wakinipokonya na huu nitakuwa nani? Mume wa Zdenka tu. Zdenka anasema hiyo nayo ni kazi, na siifanyi vizuri.

Slavko, mkuu wa zimamoto, ameshakuja na futi ya kupimia. Hakunisalimu. Akapima ukuta wenye picha kubwa, akaandika kwenye kiganja. Nikamwuliza anapima nini. Akasema, eti, anapima tu, kupima si dhambi. Akaondoka akipiga mluzi.

Jumatano, 23 Aprili

Nimevuka daraja kwenda Donja Trstika kumpeleleza Ljerka, mtunzaji wa ukumbi wao. Nilivaa kofia ya baba mkwe na koti la mvua. Jua likawaka siku nzima. Ljerka alinitambua tangu mbali, akaniita kwa jina mbele ya watu, akanikatia tiketi ya wazee. Sijafika hata sitini!

Nje mabasi mawili. Mawili! Watu wanatoka wanafuta macho. Nikaingia nione wanalilia nini. Geti. Haki ya Mungu, geti la mbao, limechorwa juu ya kioo kama picha zetu zote za huku, limepinda, nguzo moja fupi kuliko nyingine. Nikacheka moyoni.

Halafu Ljerka akaanza kusimulia, kwa ile sauti yake ya kuungama. Mchoraji alikuwa na kaka aliyekwenda Ujerumani kutafuta kazi. Akaaga kwamba atarudi Krismasi, geti lisifungwe. Hakurudi. Mchoraji akawa analichora lile geti kila Krismasi, miaka kumi na tisa, na kila mwaka akilichora wazi zaidi kidogo. Hii ndiyo picha ya mwisho.

Nikatazama tena. Lilikuwa wazi kabisa. Na ile nguzo fupi, mtu angeweza kuiegemea akisubiri. Nikalia! Mimi, Vinko Sabolek, nimelilia geti mbele ya Ljerka, naye akanipa leso iliyoshonwa jina la ukumbi wake. Anazo kikapu kizima, mjanja yule.

Njiani nikawaza mpaka nikapitiliza nyumba yangu. Geti ni lile lile. Kioo ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba nimeambiwa. Kumbe sikosi picha mimi. Nakosa maneno.

Ijumaa, 25 Aprili

Picha yetu kubwa si ya kijiji. Ni ya Bi. Jalža, mjane wa marehemu Imbro Kolarek aliyeichora. Ametuazima tu. Theluji, miti mitupu, mapaa, ng'ombe wa buluu katikati, na pembeni kabisa, karibu na mto, mwanamke mdogo wa kilemba chekundu. Watu huitazama kwa muda wa kupiga chafya. Juzi bwana mmoja alisema ng'ombe anafanana na friji.

Nikaenda kwa Bi. Jalža kutafuta maneno. Alikuwa anakanda unga. Nikamwuliza, Shangazi, picha ile ina kisa gani. Akasema Imbro aliichora kipindi cha baridi. Kwa nini kipindi cha baridi? Kwa sababu kipindi cha baridi shambani hakuna kazi. Nikamwuliza kama marehemu aliteseka akichora. Akafikiri. Akasema ndiyo, aliteseka sana. Nikatoa daftari. Sugu ya kidole gumba, akasema, mguu wa kushoto.

Na yule mwanamke wa kilemba ni nani? Bi. Jalža akasema ni mwanamke. Picha ya theluji bila kitu chekundu inachosha macho.

Nimerudi mikono mitupu, na unga kwenye koti. Nimekaa mbele ya picha mpaka shingo ikauma. Wiki moja imebaki! Sasa nitafanyaje? Nitabuni. Kidogo tu. Imbro amekufa, hawezi kulalamika. Bi. Jalža magoti mabovu, kutoka nyumbani kwake hadi hapa ni nadra. Nani ataumia?

Nimeandika kisa. Kuna treni ndani yake, kwa sababu treni ndizo ninazozijua. Imbro anampenda mwanamke kwa siri. Mwanamke anaondoka na treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Picha ilikuwa imekwisha kamilika, theluji, miti, ng'ombe, kila kitu. Imbro anarudi kutoka stesheni, hasemi neno, anamwongeza pale pembeni kwa brashi ya mwisho. Ng'ombe ni wa buluu kwa sababu ya majonzi.

Nimemsomea Zdenka. Ameacha kumenya viazi. Akasema namvika marehemu kilemba cha ukoka, tena marehemu mwenye mke hai. Wivu tu. Hajawahi kunisifia tangu harusi.

Jumamosi, 26 Aprili

Ushindi!

Basi la wauguzi wastaafu lilisimama kwa ajili ya choo. Nikasimama mlangoni, nikavua kofia, nikasema kwamba chooni wanapita, lakini wapite polepole, kwa sababu ndani ya chumba hiki kuna moyo wa mtu. Sijui nilitoa wapi maneno yale. Wakasimama. Nikaanza. Nilipofika kwenye filimbi ya treni, wa kwanza alitoa leso. Kwenye brashi ya mwisho walikuwa wote. Mmoja alisema ng'ombe yule amemkata maini. Yule yule friji!

Tena hata mimi, nilipogeuka, nikaona theluji imekuwa baridi zaidi kuliko jana.

Tatizo dogo. Mama mmoja wa miwani akauliza mwanamke yule aliitwa nani. Sikuwa nimeandaa jina! Jasho. Nikatazama dirishani kutafuta msaada, na nje anapita Bi. Treza anasukuma baiskeli yake na gunia la majani ya sungura. Mdomo ukasema: Treza. Nikataka kulirudisha jina, limeshakwenda.

Si kitu. Akina Treza ni wengi hapa duniani. Wauguzi wale ni wa mbali, hawatarudi. Lakini nimekula supu bila kujua kama ina chumvi. Bi. Treza ni rafiki wa Bi. Jalža tangu wana meno ya utotoni, wanakunywa kahawa pamoja kila siku saa nne. Si kitu, nimesema!

Jumatatu, 28 Aprili

Jana mabasi mawili. Leo matatu. Habari imeenea kama harufu ya kitunguu. Slavko alipita akaona foleni, akarudisha futi mfukoni.

Halafu saa sita nikaona miwani myeusi katikati ya watu. Chini ya miwani, pua ya Ljerka. Nikajua nimekwisha. Akaniacha nisimulie mpaka mwisho, watu wakalia vizuri kabisa, ndipo akainua kidole kama mtoto wa shule. Akasema yeye ni mshamba tu, hajui mambo, lakini angependa kuelimishwa. Picha ya kioo huchorwa kwa nyuma ya kioo, si ndiyo? Watu wakasema ndiyo. Na kinachoonekana mbele ndicho kinachochorwa kwanza, halafu vingine vinapakwa nyuma yake, mpaka mwishoni kabisa unapaka mbingu? Ndiyo. Basi mwanamke huyu aliye mbele ya theluji, ameongezwaje mwisho?

Mungu wangu! Hata kuku wa kijiji hiki wanajua hilo. Juu ya kioo huwezi kumwongeza mtu baadaye, atafichwa na theluji, hataonekana milele. Nimezaliwa hapa, nimekulia kati ya vioo na brashi, na nimeandika "brashi ya mwisho"! Masikio yakaziba. Niliona watu arobaini wananitazama na leso zao mkononi, zimesimama njiani.

Na hapo, sijui ni malaika gani, nikasema: Ndiyo maana, bibi. Ndiyo maana! Nikasema nilikuwa nawaficha, kwa heshima, lakini kwa kuwa bibi ameuliza, ukweli ndio huo. Imbro alianza na yeye. Kioo kitupu, hakuna mbingu, hakuna dunia, hakuna ng'ombe, yeye peke yake na kilemba chake chekundu. Vingine vyote vimekuja nyuma yake.

Mzee mmoja ilibidi akalishwe kwenye kiti. Ljerka alivua miwani, uso mweupe kama maziwa ya mgando. Akatoka bila kuaga. Nikamwita achukue leso, tunazo. Nilijisikia mrefu!

Ila nilipochungulia, hakuelekea darajani. Alikwenda kulia. Kulia kuna nyumba moja tu, ya Bi. Jalža.

Jumanne, 29 Aprili

Amekuja. Na magoti yake yale. Ametembea na fimbo mbili.

Hakunisalimu. Akavuta kiti, akakaa mbele ya picha, mkoba mapajani. Dakika arobaini kwa saa yangu. Mimi nilifuta vumbi kwenye kitasa cha mlango muda wote huo. Nikafikiri kumpa maji, nikaogopa. Nikafikiri kukimbia, lakini ufunguo ninao mimi.

Mwisho akauliza, bila kugeuka, kama ni kweli nimesema alianza na huyu. Nikasema, Shangazi, kwenye kioo lazima uanze na mtu fulani. Akauliza, Treza yupi. Nikasema duniani akina Treza ni wengi. Akasema katika kijiji hiki yupo mmoja, na aliwahi kuwa mzuri.

Kisha akasema kitu ambacho sitaki kukiandika lakini naandika. Kwamba picha hii imekaa juu ya kitanda chake miaka thelathini. Kila asubuhi alikuwa anafungua macho anaona theluji ya Imbro, na baada ya Imbro kufa ilimtuliza, alijihisi yuko mle ndani anatembea. Leo amekaa hapa ameitafuta theluji, haioni tena. Kila akitazama anaona kile kilemba tu.

Nikasema pengine nimekosea. Akauliza pengine au nimekosea. Nikasema pengine nimekosea kidogo. Ningesema tu kwamba nimebuni! Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini Alhamisi anakuja mama wa mkoa, na mabasi, na stesheni ilivyokufa, na Slavko na futi yake... Nikalimeza.

Akainuka. Akasema Alhamisi, baada ya maharage ya sikukuu, atakuja na toroli kuchukua mali yake. Na nyundo. Hataki kufa akiwa ameacha kioo kile kikining'inia mahali watu wanamlilia mwanamke mwingine. Nyundo, Mungu wangu!

Jumatano, 30 Aprili

Asubuhi nilifunga mlango, nikaishusha picha, nikafungua fremu. Mpango: nikwangue kilemba. Bila kilemba hakuna Treza, bila Treza hakuna nyundo. Nimegeuza kioo. Lo! Kwa nyuma hakuna mwanamke. Kwa nyuma kuna mbingu. Nyuma ya mbingu kuna theluji, na yeye yuko chini kabisa, wa kwanza, huwezi kumfikia bila kuivua dunia nzima. Nilisimama na wembe mkononi, jasho linadondoka kwenye mbingu. Nikalifuta. Nikarudisha fremu. Mbao mbili za fremu nimeziweka kinyume, sasa picha imeinama kushoto.

Mpango wa pili: Bi. Treza akane mwenyewe. Nikampelekea jibini kavu ya pilipili, ile anayoipenda. Bi. Treza hasikii vizuri. Nikamwambia polepole, hakusikia. Nikamwambia kwa nguvu, akasikia, na mtaa mzima ukasikia. Kwamba watu wanasema Imbro alimpenda! Tena kwa siri! Tena kwa treni!

Nilitegemea atanipiga. Badala yake akashika nywele. "Imbro? Mimi?" Akacheka kama msichana, akajitazama kwenye sufuria. Akasema hajawahi kupanda treni yoyote maishani, inamtapisha, lakini niendelee. Akauliza kama kwenye picha amechorwa mnene. Nikaona nimeharibikiwa: anafurahi! Atakanaje anayefurahi?

Halafu akatazama saa. Ilikuwa saa tano. Akasema jambo la ajabu, leo Jalža hakuja kahawa. Na jana hakuja. Haijatokea tangu mafuriko. Akanigeukia. Uso ulikuwa umebadilika. Akauliza nani amemwambia Jalža habari hizi. Mimi nikatazama viatu. Akaniambia nitoke nje, na jibini yangu, na kama ningekuwa mdogo kidogo angenichapa.

Zdenka amenipikia chai ya mnanaa. Hakusema "nilikuambia". Hilo limenitisha kuliko yote.

Alhamisi, 1 Mei

Naandika upesi.

Kijiji chote uwanjani. Zimamoto wamepika maharage kwenye sufuria lao kuu, kama kila mwaka, Slavko na upawa kama askofu. Alinipa bakuli la juu juu, maji matupu. Mama wa mkoa yupo. Mwembamba, mpole, kalamu sikioni. Alikula mabakuli mawili, akasema sasa twende tukaone hiyo picha inayoliza watu. Watu sitini nyuma yake. Nilitembea mbele.

Tukaingia. Kabla sijafungua mdomo, nje kukasikika gurudumu linalolia. Bi. Jalža, na toroli, na ndani ya toroli nyundo, juu ya blanketi iliyokunjwa vizuri. Watu wakampisha. Mama wa mkoa akaniuliza kwa sauti ndogo kama hii ni sehemu ya maonyesho. Nikasema ndiyo. Yesu na Maria, nilisema ndiyo!

Bi. Jalža akaomba ashushiwe picha. Hakuna aliyesogea. Slavko akasogea. Ameshika fremu tayari, ndipo sauti ikatoka mlangoni, kubwa kama ya watu wasiosikia: "We Slavko, weka chini hilo jogoo!"

Bi. Treza. Na aproni anayolishia sungura. Akapita katikati ya watu mpaka kwenye picha, akagonga kioo kwa kucha, hapo hapo kwenye kilemba. Akamwambia rafiki yake kwamba huyu si Treza, huyu ni jogoo, na kama Jalža angekuja kahawa badala ya kukaa na nyundo, angeambiwa tangu juzi.

Akasimulia. Mimi nilikaa chini. Miaka hamsini na mbili iliyopita alikwenda kwa akina Kolarek kuazima hamira. Imbro alikuwa anaanza kioo kipya. Picha ilikuwa iwe ya jogoo, jogoo mdogo pembeni mwa theluji, na jogoo mwenyewe amefungwa kwenye mguu wa meza amtazame. Imbro akachora kilemba cha jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani. Akachora mdomo, akachora jicho. Akatoka kuchukua kuni. Aliporudi, kamba ipo, jogoo hayupo, na jikoni kunanukia. Wageni walikuwa wamefika ghafla, na Jalža hakuwa na nyama nyingine.

"Imbro akasimama pale mlangoni," alisema Bi. Treza, "akasema, Jalža amempika mtu wangu. Wewe hukusikia, unakoroga supu, umefunga kichwa, umekasirika na moshi. Akakutazama. Akakutazama weee! Halafu akaniambia, basi, aliyempika na akae mahali pake. Akakuchora koti na sketi nyuma ya kile kilemba. Kilemba ni kilemba. Ila mdomo ulikuwa umeshakauka."

Watu sitini wakainama kwenye kioo. Kweli! Pua. Si pua, ni mdomo wa jogoo, na jicho moja la pembeni, kali. Picha hii nimeifuta vumbi miaka sita, sikuwahi kuona! Mtu mmoja nyuma akasema, taratibu, kwamba anafanana naye. Bi. Jalža alisogeza pua yake karibu na ile. Zilikuwa pua mbili zinazotazamana.

Akaanza kucheka. Alicheka hadi ilibidi tumkalishe kwenye toroli, juu ya nyundo. Akasema anamkumbuka yule jogoo! Imbro siku ile alikula tambi tupu, nyama akaisukuma pembeni, na yeye amekaa miaka hamsini na mbili akidhani supu ilizidi chumvi. Halafu kicheko kikageuka. Akalia. Akamshika Treza mkono, akauliza tena: kwa hiyo alianza na mimi? Treza akasema alianza na jogoo. "Ndiyo," akasema Bi. Jalža, "halafu mimi." Akajipangusa. Akasema theluji imerudi, anaiona yote.

Mimi nililia kuliko siku ya geti. Naapa, ndani ya dakika ile sikuwaza ukumbi hata kidogo. Dakika nzima!

Mama wa mkoa alikuwa anaandika huku kamasi zinamtoka. Ukumbi unabaki. Mipira ya zimamoto itaendelea kuanikwa uani. Na Bi. Jalža ameiacha picha ukutani, kwa sharti moja, mbele ya mashahidi sitini: Vinko asimulie kisa cha kweli, na asiongeze neno. Hata moja. La sivyo toroli liko pale pale.

Nimeapa kwa kofia yangu. Nimebadilika. Nimeona kwa macho yangu kwamba ukweli una nguvu kuliko chochote ambacho ningebuni. Zdenka amenipa kipande cha pili cha keki ya jibini bila kuombwa.

Jumapili, 4 Mei

Basi moja, asubuhi, walimu. Nikawasimulia kisa cha kweli, neno kwa neno, mkono kifuani. Jogoo, supu, kilemba. Wakacheka. Wakacheka sana, wakatoka.

Wamecheka tu! Hakuna leso. Nimeangalia ng'ambo ya daraja kwa darubini ya baba mkwe: wa Ljerka wanalia, watatu watatu, wameshikana. Kwangu mtu anatoka ameshika mbavu kana kwamba ametoka kwenye sarakasi. Itakuwaje mama wa mkoa akirudi mwakani akute kicheko?

Basi la pili, wafuma vitambaa kutoka mjini. Sikuongeza neno. Yaani kwenye kisa sikuongeza. Nilimpa tu jogoo jina. Jina si neno, ni jina! Bi. Jalža mwenyewe hakumbuki kama alikuwa nalo, sijapingana na mtu. Nikasema jogoo aliitwa Florijan. Lilinijia tu, ni jina la upole. Na kwamba alikuwa yatima. Jogoo wote ni yatima, ukifikiri. Mama mmoja akauma mdomo. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikasukuma: nikasema, Florijan maskini, aliyetumikia kijiji hiki kwa uaminifu, shingo ikanyongwa, manyoya yakanyonyolewa, akatumbukizwa kwenye maji ya moto pamoja na karoti.

Leso! Nilihesabu leso kumi na moja.

Kisha nikasikia kwamba tarumbeta zilizokuwa zinapigwa nje zimenyamaza. Nikageuka. Mlangoni Slavko, sare ya sherehe, nishani, na nyuma yake kikosi kizima cha zimamoto, na bendera yao, na juu ya bendera mtakatifu wao msimamizi, na ndoo yake ya maji, na jina lake kwa nyuzi za dhahabu: Florijan. Leo ni siku yake. Walikuwa wametoka kanisani moja kwa moja, kuja, eti, kumaliza ugomvi na kunipa mkono.

Slavko aliuliza, polepole sana, ni nani huyo aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto na karoti.

Sasa ni saa tisa alasiri. Nimejifungia kwenye choo cha ukumbi. Wako uwanjani, wanapiga ngoma kwa ghadhabu, nawasikia. Padri ameitwa. Bi. Jalža pia ameitwa, gurudumu nalisikia kwa mbali. Lakini nimetulia kidogo, maana nimeshapata dawa. Kosa lilikuwa dogo, ni la jina peke yake. Nitatoka, nitavua kofia, nitawaeleza kwamba nilichanganya. Jogoo hakuitwa Florijan kabisa. Jogoo aliitwa Slavko.

Mtu akipewa heshima kama hiyo mbele ya watu wa mjini, atakasirikaje?